Gurudumu la nyuma linacheza, mshale wa kontere unaruka



Juma hili tunaacha mambo ya jikoni, tunaenda garaji. Mnalijua gari la chama chetu, lile dogo lililotoka Japani, volani upande wa kulia. Limebeba mihogo kutoka Mudaka, limebeba viti vya harusi, na usiku mmoja limebeba mama mwenye uchungu wa kuzaa mpaka hospitali. Mwezi uliopita lilianza kulia nyuma, wuu, wuu, kama mashine ya kusaga unga inayosikika kwa mbali. Siku zilezile mshale wa kontere, kile kipima-mwendo kilicho mbele ya shofere, ukaanza kurukaruka. Tunakwenda polepole kabisa, wenyewe unapanda mpaka 70, mara unaanguka kwa 20. Na tulikuwa tumepanga kushuka Ngomo kwenda Kamanyola kununua mchele wa wanachama.

Aliyepita Ngomo hahitaji kuelezwa. Upande mmoja ni mlima, upande mwingine ni bonde.

Fundi wa kwanza alizunguka gari mara moja, akasema: «Madamu, yote ni ugonjwa mmoja. Nyuma kumekufa, ndiyo maana kontere inachanganyikiwa. Tubadilishe nyuma yote.» Aliomba dola 280. Kasha letu lilikuwa na dola 310, na zile zilikuwa za mchele.

Hatusemi alitaka kutuibia. Lakini sisi tunaofundisha fizikia tunawaambia watoto kila siku kwamba mambo mawili kutokea pamoja si kusema moja limezaa lingine. Basi tukaomba siku mbili. Wamama wengine walinung'unika, tuliwasikia.

Swali la kwanza tuliloliuliza lilikuwa hili: kontere inajulia wapi mwendo wa gari? Katika magari mengi ya zamani kama letu, inajulia kwenye bwati ya vitesi. Pale kuna meno madogo yanayozungusha kable, waya uliosokotwa ndani ya ala yake, na waya ule unapanda mpaka nyuma ya kontere. Zile Volkswagen za zamani zenye mgongo wa kobe, kable yao inatoka kwenye gurudumu la mbele la kushoto. Magari ya karibuni yenye freni za ABS ni jambo lingine: mengi yanasoma mwendo kwenye magurudumu yenyewe, na huko gurudumu linalocheza linaweza kweli kuharibu hesabu. Lakini letu linavutwa na magurudumu ya mbele, lina kable, na ABS halina. Gurudumu la nyuma halina njia ya kuongea na kontere yake. Basi wagonjwa walikuwa wawili.

Tukaanza na gurudumu, kwa sababu kontere mbovu inaudhi, gurudumu likitoka linaua. Tuliweka gari pahali palipo sawa, tukaziba magurudumu ya mbele kwa mawe makubwa, mbele na nyuma yake, tukaliacha kwenye vitesi ya kwanza. Freni ya mkono tuliiachia, maana hiyo inashika magurudumu ya nyuma na sisi tulitaka yazunguke. Kabla ya kuinua tulikaza bulo za gurudumu: bulo zilizolegea nazo zinafanya gurudumu licheze, na dawa yake ni ufunguo tu. Halafu kriki, na chini ya gari nguzo ya chuma. Wamama, tafadhali, asiingie mtu chini ya gari lililoshikwa na kriki peke yake, wala lililowekwa juu ya matofali. Kriki inateleza, tofali linapasuka.

Shofere akashika gurudumu la kulia, mkono mmoja juu kabisa, mwingine chini kabisa, akasukuma na kuvuta. Tok, tok. Akageuza mikono kushoto na kulia, tok tena. Gurudumu la pili lilikuwa kimya. Sasa, kucheza kule kunaweza kutoka kwenye rulema, ile pete ya chuma yenye tufe ndani inayolifanya gurudumu lizunguke, au kwenye viungo na raba zinazoshikilia gurudumu chini ya gari. Ukishikashika tu huwezi kuvitenga. Kuna njia moja nzuri sana, nayo haina gharama: mtu mmoja akae ndani akanyage freni kwa nguvu, mwingine aendelee kutikisa. Freni ikishika, gurudumu linafungwa pamoja na kile kilicho nyuma yake. Kama kucheza kumepotea, ugonjwa ni wa rulema. Kama kunabaki, tafuta kwenye viungo na raba. Kwetu kulipotea. Tukazungusha gurudumu taratibu, kiganja juu ya resori, tukasikia mkwaruzo kama mchanga kati ya meno.

Shofere akakumbuka jambo ambalo hakuna aliyemuuliza: kelele ilikuwa inazidi kila akikata kona kwenda kushoto. Kona ya kushoto inatupa uzito upande wa kulia. Angeulizwa siku ya kwanza, tungefika mapema.

Kontere haikuchukua muda. Namba za kilometa zilikuwa zinaendelea kuhesabu, kwa hiyo kable haikukatika. Mshale unaorukaruka mara nyingi ni kable iliyokauka mafuta au iliyopindwa vibaya. Tulipofungua nyuma ya kontere tukaikuta imekunjwa kama shingo ya kuku, kumbuka aliyeweka redio mwaka jana. Ilinyooshwa pole pole, waya ukatolewa, ukafutwa, ukapakwa grisi kidogo. Nyingi ni mbaya, inapanda mpaka ndani ya kontere. Kama mshale na namba vyote vingekuwa vimekufa, tungetafuta kable iliyokatika au meno ya kwenye bwati. Namba zikihesabu na mshale usiamke kabisa, kontere yenyewe ndiyo mbovu.

Kupima kama inasema kweli, mtu na saa wanatosha, pakiwa na kilometa moja inayojulikana. Ukienda bila kubadili mwendo ukaimaliza kwa sekunde 90, ni 40 kwa saa. Kwa sekunde 72, ni 50. Aliyeweka mipira mikubwa kuliko ile ya gari ajue kwamba anakimbia zaidi ya anavyoonyeshwa.

Rulema ilitutoka dola 35, kazi ya fundi 15. Fundi ni yuleyule wa kwanza. Tulipomwonyesha jaribio la freni aliangalia, akacheka, akasema, «Madamu, hapo ni sawa.»

Alhamisi tulishuka Ngomo, mshale umetulia kwenye 20. Rulema ya zamani iko ofisini kwa chama, juu ya meza ya karani. Anayetaka kuizungusha asikie ule mchanga, apite Jumamosi kabla ya mkutano.