Mkandaji wa kiuno na wale wasiorudi

Wasomaji wangu, leo naweka kando habari za programu... au tuseme siziweki kando kabisa. Nataka tuongee juu ya kiuno.

Sisi tunaoshinda mbele ya kompyuta tunakijua. Na huku kwetu, Malindi mpaka Kilifi, ukilalamika kiuno utaelekezwa kwa mkandaji: mama mtu mzima, mafuta ya nazi au ya mbarika, vidole vinavyotafuta mshipa. Wengine hupiga chuku, wengine huchanja chale na kupaka dawa. Ukiwauliza, watakuambia ni mshipa, baridi au ngiri. Hospitali itasema misuli, pingili au diski. Ugomvi huo wa majina haunishughulishi sana.

Kinachonisumbua ni hesabu. Maumivu mengi ya kiuno hupungua yenyewe baada ya wiki chache, na hata diski iliyochomoza mara nyingi hunywea bila kisu. Kwa hiyo aliyekandwa atapona, aliyemeza vidonge atapona, na aliyengoja tu atapona. (Ni kama kompyuta unayoizima na kuiwasha, kisha fundi anadai pesa!) Na asiyepona je? Harudi kwa mkandaji kumwambia. Sisi waandishi wa programu tunalijua hili: mtu akiichukia programu yako anaifuta, haandiki barua. Unabaki na wanaokusifu.

Kwa wengi hasara ni pesa kidogo. Lakini kifua kikuu hushika pia uti wa mgongo, nacho huanza kama maumivu ya kawaida. Mtu akikandwa miezi sita huku anakonda na kutokwa jasho usiku, anaweza kuishia kupooza miguu. Na aliyekufa ganzi makalioni au asiyeweza kuzuia mkojo, huyo ni wa hospitali siku hiyo hiyo.

Tazameni Korea Kusini. Kule daktari wa tiba ya asili husoma miaka 6 na kupewa leseni. Tiba yao ya kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono, iitwayo chuna, iliingia katika bima ya afya ya taifa Aprili 2019, kwa kikomo: mgonjwa mara 20 kwa mwaka, daktari wagonjwa 18 kwa siku. Watu husifu sindano na mitishamba yao. Mimi nasifu hizo namba mbili. Huwezi kuweka kikomo bila kompyuta kuhesabu nani katibiwa, lini, na nani.

Sisemi mama zetu waende chuo miaka 6. Ukandaji si upuuzi: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 unauweka miongoni mwa tiba za maumivu sugu ya kiuno, na unaikataa mikanda ya kiuno tunayouziwa. Sheria yetu ya Afya ya 2017 nayo inataja rufaa kutoka kwa mganga wa tiba asili kwenda hospitali.

Basi simu ya mulika mwizi inatosha. Mkandaji atume ujumbe mfupi akimpokea mgonjwa, ajibiwe kwa maswali matatu ya hatari kabla hajashika mafuta. Baada ya wiki 6 mgonjwa aulizwe: umepona? Mkandaji hatatoa siri ya dawa yake, na asiulizwe. Tunachotaka ni jibu la mgonjwa. Jina halihitajiki. Gharama ilipwe na kaunti, si mama, na maswali yawe kwa Kigiriama pia.