Sindano Ilipimwa Kisumu, Pesa Zikatoka Ng'ambo

Wasee, leo tuongee pesa. Si za kubeti. Za utafiti wa saratani. Ngoja, usinipite bado.

Mnaijua ile chanjo ya HPV, ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi? Kenya ilianza kuitoa 2019, dozi mbili. Wakati huohuo wasichana 2,275 wa miaka 15 hadi 20, yaani age mates wetu, walijiunga na utafiti wa KEN SHE kule Kisumu, Thika na Nairobi. Swali lilikuwa moja: sindano moja haitoshi kweli? Jibu lilitoka 2022. Baada ya miezi 18, dozi moja ilikinga kwa asilimia 97.5 dhidi ya aina mbili za virusi hivyo ambazo ni hatari zaidi. Mwaka huohuo WHO ikakubali dozi moja itumike. Fikiria: pesa zilezile, wasichana mara mbili. Hilo jibu lilitoka hapa kwetu.

Kazi ilifanywa na KEMRI pamoja na Chuo Kikuu cha Washington, na Mkenya Nelly Mugo alikuwa mmoja wa waliouongoza. Lakini pesa kubwa zilitoka kwa wakfu wa Gates. Na hapo ndipo roho yangu huuma.

Cuzo wangu ana PhD. Shosh akiumwa goti humpigia simu, "si wewe ni daktari?" Mwenzangu, yeye husoma seli za saratani. Baada ya PhD, mtafiti anafaa kukaa miaka miwili mitatu kwenye maabara chini ya mtu mzoefu. Hapo ndipo unajifunza kuongoza timu, kuandika maombi ya fedha na kuuliza swali lako mwenyewe badala ya kujibu la bosi. Bila hiyo, hata ukiwa na akili vipi, utabaki kuwakusanyia wengine damu.

Nafasi yake ilikuwa ipitie ruzuku ya Marekani. Mei 2025, NIH, taasisi yao kubwa ya utafiti wa afya, ikatangaza kwamba haitatoa ruzuku mpya zinazopitia vyuo vyao kwenda kwa washirika wa nje hadi iweke utaratibu mwingine. Cuzo akaambiwa angoje. Sasa anafundisha vyuo viwili kwa mkataba, na kimoja hakijamlipa.

Sisemi tukatae washirika. Saratani haijui mpaka, na kuna mashine na ujuzi ambao bado hatuna. Lakini kuna maswali ambayo ni yetu. Kule Bomet, saratani ya umio inawapata hata watu wasiofika miaka 30. Nani ataamka usiku akiwaza kwa nini, kama si mtu aliyekulia huko?

Najua mtaniambia, "Buda, watu wanauza shamba walipie chemo, wewe unataka maabara?" Ni kweli, na nawasikia. Mgonjwa wa leo atibiwe leo. Lakini bila utafiti tungekuwa bado tunanunua sindano mbili pale moja inapotosha.

Na pesa si ndoto. Sheria yetu ya sayansi ya 2013 inasema Hazina itoe asilimia 2 ya pato la taifa kwa mfuko wa utafiti. Hatujawahi kufika hapo. Mimi naomba kidogo: tutenge fungu la kuwalipa vijana waliomaliza PhD wafunzwe, nusu huku, nusu kwa washirika wa nje, wakirudi wapate maabara na mshahara. Mgeni akija, atukute tumeshaweka chetu mezani.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kwa saratani, si umaskini tu. Ni kufa.

2027 watakuja kuomba kura. Kabla ya kupokea tisheti, muulize: ile asilimia 2 iko wapi?