Betri ya sikio isimle mchuuzi mtaji

Biashara ya mpakani hufanywa kwa mdomo na sikio. Mchuuzi wa Busia, Namanga au Mutukula asiposikia vizuri bei ya gunia au kiwango cha kubadilisha fedha, hasara ni yake. Kwa anayevaa shimesikio, yaani kifaa cha kusaidia kusikia, betri si anasa. Ni gharama ya biashara kama nauli na ushuru wa soko.

Gharama hiyo hupungua kwa nidhamu ndogo. Betri nyingi za shimesikio hufanya kazi kwa hewa: kibandiko chake kikishatolewa, nguvu huanza kupungua hata kifaa kikizimwa. Kwa hiyo kitolewe siku ya kutumia tu, betri iachwe dakika tano hivi ipate hewa, ndipo iwekwe. Usiku kijifuniko cha betri kiachwe wazi ili unyevu utoke, na kifaa kifutwe nta kwa kitambaa kikavu. Betri zisichanganywe na sarafu mfukoni, maana zikigusana na chuma huisha nguvu. Zikae pia mbali na watoto. Kumeza moja ni hatari kwa maisha.

Ununuzi nao una maarifa yake. Namba na rangi ni zilezile kila nchi: 10 njano, 312 kahawia, 13 chungwa, 675 buluu. Mtu wa Bukoba anaweza kununua Kampala bila kubabaishwa na jina la kampuni, mradi asome tarehe ya mwisho wa matumizi. Wanaotumia namba moja wakichanga na kununua kwa jumla, kila mmoja huokoa.

Lakini nidhamu ya mnunuzi peke yake haitoshi. Katika orodha ya forodha, shimesikio limo kifungu cha 9021 pamoja na vifaa vya tiba. Betri yake imo 8506 pamoja na betri za tochi. Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inasamehe ushuru vifaa vilivyoundwa maalumu kwa watu wenye ulemavu. Nchi wanachama zikubaliane kutamka wazi kuwa betri hizi zimo katika msamaha huo, ili afisa wa mpakani asibaki kukisia na mchuuzi asibaki kubembeleza. Shimesikio lisilo na betri ni kipande cha plastiki tu.