Kasi Haimo Kwenye Wingi wa Seva

Ukikaa na vijana wanaojenga tovuti ya kutafuta nyumba za kupanga, vipuri vya magari au nafasi za kazi, mazungumzo huanzia palepale. Bidhaa ya kwanza haijaingizwa, lakini ubao umeshajaa visanduku: huduma ya watumiaji huku, huduma ya bidhaa kule, ya kutafuta peke yake na programu yake ya utafutaji, Elasticsearch, na Kubernetes ya kuzisimamia juu ya zote. Uliza kwa nini, utajibiwa kwamba tovuti lazima iwe na kasi, na je, watu milioni wakija?

Imani kwamba kasi huja kwa kuigawa kazi kwenye seva nyingi imetugharimu pesa na muda. Kwa tovuti nyingi za kwetu, kugawa huko ndiko kunakozifanya ziwe nzito.

Tupige hesabu. Duka la vipuri lenye bidhaa 200,000, kila moja ikiwa na maelezo ya kilobaiti moja, lina megabaiti 200 za maandishi. Weka na fahirisi juu yake, tuseme gigabaiti moja. Yote inaenea kwenye RAM ya seva ya gigabaiti 4, kiasi ambacho hata simu ya kawaida ya Kariakoo inacho siku hizi. Picha zinakaa kwingine, hazihusiki na utafutaji. Sasa hizo seva nyingine ni za nini? Ni kukodi lori la tani kumi kubeba kilo mbili za mchele.

Mfuate mteja mmoja wa duka hilo aliyeandika "viti vya Noah", yaani viti vya gari la aina hiyo. Ombi lake linapokelewa langoni, linakwenda huduma ya watumiaji kuangalia kama ameingia, kisha huduma ya kutafuta, inayorudisha namba za bidhaa tu. Bei inaulizwa huduma nyingine, na mzigo kama upo, nyingine tena. Kila hatua data inafungashwa, inasafirishwa, inafunguliwa. Ndani ya programu moja, sehemu moja kuiita nyingine huchukua nanosekunde. Kupitia mtandao, hata ndani ya jengo moja, ni karibu nusu milisekunde, yaani makumi ya maelfu ya mara zaidi. Huduma moja ikisuasua, zote zinaisubiri.

Na utafutaji wenyewe ukisuasua, mchawi mara nyingi ni mstari mmoja wa swali kwa hifadhidata: LIKE '%viti%'. Ile alama ya asilimia ya mwanzoni huinyima hifadhidata nafasi ya kutumia fahirisi ya kawaida, kwa hiyo inasoma jedwali zima, safu baada ya safu, kwa kila mteja. Endesha amri ya EXPLAIN, inayoonyesha njia ya utafutaji, kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, utaona imeandikwa Seq Scan. PostgreSQL imekuja na utafutaji wa maandishi ndani yake tangu 2008. Fahirisi yake ya GIN huweka kila neno pamoja na orodha ya safu lilipo, kanuni ileile ambayo waanzilishi Brin na Page waliitumia kwenye Google ya 1998. Kwa anayekosea herufi kuna kiendelezi chake cha pg_trgm. Hayo ni kazi ya mchana mmoja.

Halafu kuna tatizo ambalo ubao haulioni kabisa: muuzaji ameandika "kiti cha Noah". Kanuni za Kiingereza zinazokuja na zana hizi hukata mikia ya maneno, wakati Kiswahili hubadilika kichwani. Seva hata 50 hazitamkutanisha mteja wa viti na muuzaji wa kiti. Anayeweza ni mtu atakayekaa kuandaa jedwali la umoja na wingi, na la majina ya mitaani ya vipuri. Hiyo kazi haina mvuto kwenye wasifu, ndiyo maana haifanyiki.

Mtaniambia kampuni kubwa hugawa huduma zao. Stack Overflow ya 2016 ilikuwa programu moja ikiendeshwa kwenye seva tisa za wavuti, kwa dunia nzima. Ndiyo, walikuwa na Elasticsearch pia, na walikuwa na mamilioni ya maswali ya kutafutwa. Mwaka 2023 timu moja ya Prime Video ya Amazon iliubadilisha mfumo wake wa kukagua ubora wa video kuwa programu moja, ikapunguza gharama kwa asilimia 90. Kugawa huduma husaidia pale mamia ya wahandisi wanapokanyagana. Ninyi mko wanne.

Anayetaka kasi kweli atazame umbali. Kutoka Dar es Salaam hadi Frankfurt ni karibu kilomita 7,000, na mwanga ndani ya nyuzi husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi hakuwezi kushuka chini ya milisekunde 70, na nyaya za baharini hazinyooki. Muunganisho mpya wa HTTPS kwa kawaida unahitaji safari tatu kabla ya jibu kuanza kufika. Milisekunde 200 zimeshakwenda njiani tu, kabla ya kuhesabu muda wa kutafuta. Kisha ikaja Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika. Seva za Ulaya zilikuwa nzima, ila kwa wengi wetu zilikuwa hazifikiki.

Kwa hiyo ninyi mnaolipia tovuti hizi, fundi akileta mchoro wa visanduku kumi, muulizeni kwanza seva iko mji gani, na akuonyesheni EXPLAIN ya "viti vya Noah" kabla hajaandika ankara.