Mtoto hajapata choo? Usingoje siku ya tatu

Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kuona mbuzi akichinjwa siku ya Idi. Utumbo ukishatolewa na kuwekwa kwenye sinia, huendelea kujinyonganyonga kwa muda ingawa kichwa kimeshatengwa na mwili. Sababu ni kwamba utumbo wa mamalia, binadamu akiwemo, una mamilioni ya seli zake wenyewe za neva ndani ya ukuta wake. Seli hizo hufanya kazi bila kungoja amri ya ubongo.

Wala si za aina moja. Mwishoni mwa karne ya 19, mtaalamu wa Urusi, Alexander Dogiel, alizipaka rangi na kuzigawa kwa maumbo yao. Leo hutambuliwa pia kwa kazi zao. Ziko zinazohisi kwamba utumbo umejaa, ziko zinazopokezana habari, na ziko zinazoamrisha misuli: nyingine huikaza nyuma ya chakula, nyingine huilegeza mbele yake. Ndivyo chakula kinavyosukumwa hadi mwisho.

Yanatuhusu nini haya sisi wa Mkomani? Yanatuhusu kwa kuwa wako watoto wanaozaliwa bila seli hizo katika sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Mimba ikiwa changa, seli husafiri kutoka juu kuelekea chini. Zikikomea njiani, kipande kilichobaki hakiwezi kulegea na choo hakipiti. Ugonjwa huu huitwa Hirschsprung, kwa jina la daktari wa Denmark aliyeueleza mwaka 1886. Humpata takriban mtoto mmoja kati ya 5,000, na wavulana zaidi ya wasichana.

Watoto wengi waliotimiza miezi hupata choo cha kwanza, kile cheusi chenye kunata, ndani ya saa 24. Aliyepitisha saa 48 bila choo si wa kungojwa. Na tumbo likijaa au akitapika matapishi ya kijani, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo.

Hapa natofautiana na wazee wetu, kwa heshima zote. Tumbo la mtoto likijaa husemwa ni chango, akapewa dawa za miti au kipande cha sabuni. Choo kidogo kikitoka, nyumba nzima hushusha pumzi. Lakini kufunguka mara moja si kupona. Utumbo ulioziba unaweza kuvimba na kupata maambukizi yanayoua kwa siku chache.

Hata hivyo, lawama si ya kina mama peke yao. Sisi wahudumu humruhusu mzazi mapema, kisha hatuulizi tena. Maoni yangu ni kwamba saa ya choo cha kwanza iandikwe kwenye kijitabu cha kliniki kama uzito unavyoandikwa. Kazi hiyo yataka kalamu tu.

Uhakika hupatikana kwa kukata kipande kidogo cha ukuta wa njia ya haja kubwa na kutazama kwa hadubini kama seli zipo. Tiba ni kuondoa sehemu isiyo na seli, upasuaji uliobuniwa Marekani mwaka 1948. Lakini kutoka Faza hadi Mombasa ni safari ya bahari, kisha zaidi ya kilomita 300 za barabara. Siku zilizopotea nyumbani hazirudi.

Mdharau mwiba, mguu huota tende. Mama, shangazi, mkunga: ulizeni mapema kama mtoto amepata choo.