NGOZI YA MFANYA KAZI NI MALI YAKE



Mara nyingi katika karatasi hii tumeandika juu ya mishahara, saa za kazi na nyumba. Leo twataka kuandika juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu huja nacho kazini asubuhi na kurudi nacho jioni, wala hakuna mwajiri aliyempa. Kitu hicho ni ngozi yake. Mwenye ngozi nzima ataona tunaandika jambo dogo. Mwenye kidonda kisichopona anajua kwamba si dogo.

Sababu ya kuandika ni hii. Wako wenzetu wanaofunga kidonda cha mguu kwa kitambaa miezi na miaka, na kuvaa suruali ndefu ili msimamizi asikione. Wanaogopa kuambiwa, "Wewe ni mgonjwa, nenda kwenu." Wengine huenda dispensari wakapewa mafuta ya kupaka, wakarudi kazini, na mwezi ujao wakapewa mafuta yale yale. Hakuna aliyekifungua kile kidonda akakitazama sawasawa. Vidonda vingi si kitu cha kutisha. Lakini kimoja katika hivyo huweza kuwa kansa, yaani saratani. Kansa ya ngozi ikijulikana mapema, mara nyingi huondolewa kwa kisu na mtu akapona. Ikifichwa, hula mguu, na mwisho hula mtu mzima.

Jambo hili si geni katika historia ya wafanya kazi. Mwaka 1775 daktari mpasuaji wa London, Percivall Pott, aliandika juu ya watu waliofagia dohani za nyumba. Walianza kazi hiyo wangali watoto wadogo, wakipandishwa ndani ya dohani nyembamba, na masizi yakawaganda mwilini. Walipokuwa watu wazima wengi walipata kansa ya ngozi ya mfuko wa korodani. Hapo ndipo daktari alipoonyesha wazi kwamba kansa huweza kutoka kazini. Ujuzi ukapatikana, lakini sheria iliyokomesha kweli kuwapandisha watoto katika dohani ilipitishwa mwaka 1875. Hesabuni wenyewe: miaka mia moja!

Baadaye ikawa zamu ya wasokota pamba wa Lancashire. Oili ya mashini iliwarukia ikalowesha suruali zao siku nzima, nao wakapata kansa ile ile. Madaktari wa Manchester waliiandika habari hiyo mwaka 1922. Kanuni ya serikali ya kubadilisha oili ile ikaja mwaka 1953. Lakini katikati ya miaka hiyo, mwaka 1934, mkutano wa Shirika la Kazi la Kimataifa huko Geneva uliitia kansa ya ngozi inayotokana na lami na oili za madini katika orodha ya magonjwa ya kazi yanayostahili kulipwa. Sisi tunajifunza nini hapo? Ujuzi peke yake haumponyi mtu. Ujuzi wataka watu wa kuusukuma.

Sasa tutazame hapa kwetu. Fundi wa gereji hushika oili chafu iliyokwisha tumika katika injini, ambayo ni mbaya kuliko oili mpya, kisha akafuta mikono kwa kitambaa na kukitia mfukoni karibu na paja lake. Jioni hunawa kwa petroli, nayo petroli huondoa mafuta ya asili ya ngozi na kuiacha wazi. Mtu wa barabara hupikiwa lami usoni. Mjenzi hutia mikono katika simiti mbichi. Simiti hiyo ina ukali kama wa magadi makali. Huchoma polepole, mtu asisikie mpaka saa zimepita, na chumvi za kromiamu zilizomo humletea mwasho usiokwisha. Tuseme wazi ili tusitishane bure: mwasho wa simiti si kansa. Lakini mikono iliyopasuka humnyima mjenzi mkate wake, kwa hiyo nao ni jambo la chama.

Wenzetu wenye ualbino ndio walio hatarini zaidi. Ngozi yao haina rangi ya kutosha kuzuia miale ya jua, na kansa huwapata wangali vijana. Huko Moshi, Tanzania, kipo chuo cha magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992, ambacho huwafundisha waganga wa nchi nyingi za Afrika, na hapo Moshi hutengenezwa mafuta ya kuwakinga watu hawa na jua. Hapa Kenya, Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu lina mpango wa kuwapa mafuta ya namna hiyo. Mafuta ni mazuri, lakini hayatoshi ikiwa msimamizi humpanga mtu huyo kulima au kupakua magari saa sita mchana. Kofia pana, mikono mirefu na kazi ya kivulini si upendeleo. Ni kama glavu kwa mtu wa umeme.

Basi mfanya kazi ajue kutazama nini? Wauguzi wenye ujuzi wa ngozi hutufundisha mambo haya:

1. Kidonda kisichopona kwa muda wa mwezi mmoja au zaidi, hata kama hakiumi. Kansa ya ngozi mwanzoni mara nyingi haina maumivu.

2. Donda ndugu la miaka mingi, au kovu la kuungua moto, likianza kuota nyama, kingo zikiinuka na kuwa ngumu, likitoa damu upesi au kunuka kuliko zamani. Kovu la moto laweza kukaa miaka ishirini au thelathini kabla ya kugeuka.

3. Doa jeusi kwenye wayo, kiganja au chini ya kucha. Watu wengi hudhani mtu mweusi hapati kansa ya ngozi. Si kweli. Bob Marley, mwimbaji wa Jamaica, alifariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36 kwa kansa iliyoanzia chini ya kucha ya kidole cha mguu. Mistari myeusi katika kucha kadhaa ni kawaida kwa watu wengi weusi. Lakini mstari mmoja unaopanuka, au weusi unaovuka kucha ukaingia katika ngozi, uonyeshwe hospitali.

4. Mabaka au vinundu vya rangi ya zambarau miguuni, au kinywani juu kwenye kaakaa. Hiyo huenda ikawa kansa iitwayo Kaposi, ambayo mara nyingi hufuatana na virusi vya Ukimwi. Dawa za virusi zikianzwa mapema humsaidia sana mgonjwa.

Daktari akitaka kukata kipande kidogo cha kidonda kukipima, mkubalini. Yako maneno mitaani ati kansa ikiguswa na kisu hutawanyika. Kipimo hicho hakiitawanyi; ndicho kinachotuambia kama kuna kansa au hakuna.

Tumemtaja muuguzi kwa makusudi. Daktari humwona mgonjwa dakika chache. Muuguzi ndiye anayefungua bandeji, anayeosha, anayegeuza mtu kitandani. Macho yake ndiyo huona kwanza kwamba kidonda cha juma hili si kile cha juma lililopita. Lakini muuguzi huyo naye ni mfanya kazi kama sisi. Tunakumbuka mgomo wao wa mwaka 2017, ulioanza Juni ukaisha Novemba. Muuguzi mmoja akiwekwa kwenye foleni ya watu mia, atafungua vidonda vya wangapi? Madai yake ya watu wa kutosha na mafunzo ya kutosha ni madai yetu pia.

Tuseme tena juu ya mwenzetu aliyekwisha patwa na kansa, kwa maana hapo ndipo udugu hupimwa. Kansa haiambukizi. Hakuna sababu ya kumtengea kikombe wala kukimbia benchi lake. Anayetibiwa kwa mashini ya miale, ngozi ya mahali pale huwa nyeusi, ikawasha, ikachubuka kama iliyoungua. Aioshe taratibu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, aikaushe kwa kugusagusa, wala asisugue. Asifute alama alizoandikwa na wapimaji. Asipake mafuta ya taa, dawa za sokoni, wala kitu chochote asichoruhusiwa na muuguzi wake. Avae pamba isiyobana, na mahali pale pasipigwe na jua. Anayetumia dawa za kansa huweza kugeuka rangi ya kucha, kupoteza nywele, au kupasuka viganja. Mtu huyo akirudi kazini asirudishwe kwenye tanuri wala kwenye simiti.

Na yule ambaye kidonda chake hakitapona, asiachwe. Wauguzi wanajua kupunguza harufu ya kidonda. Mara nyingi hutumia dawa ya metronidazole iliyosagwa na kunyunyizwa juu yake. Wanajua kufungua bandeji kwa maji ya chumvi ili isichane nyama. Na maumivu yanayo dawa. Cicely Saunders wa Uingereza, aliyeanza kazi kama muuguzi na baadaye akawa daktari, alifungua St Christopher's Hospice mjini London mwaka 1967 kwa ajili ya watu wa namna hiyo. Hapa kwetu Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990. Kulia usiku kucha kwa maumivu si amri ya Mungu.

Sheria zetu zasemaje? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri awape nguo na vyombo vya kujikinga wale wanaoshika vitu vya kudhuru, tena yamkataza kumfukuza mtu kwa sababu amelalamika juu ya hatari. Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo yampa mfanya kazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo siku zisizopungua saba za ugonjwa kwa mshahara kamili, na saba nyingine kwa nusu mshahara, kila mwaka. Na ugonjwa uliotokana na kazi hulipwa fidia chini ya Sheria ya Fidia za Ajali Kazini, nayo ya 2007. Basi anayeficha kidonda anaficha haki yake.

Kwa hiyo twadai mambo manne. Kwanza, glavu, buti na sabuni nzuri, bila kukatwa senti moja katika mshahara. Pili, muuguzi aje kila mahali pa kazi walau mara moja kwa mwaka kutazama ngozi za watu, kwa siri, wala msimamizi asionyeshwe jina. Tatu, anayeandikiwa barua ya kwenda hospitali kubwa apewe ruhusa siku ile ile. Nne, mwenye ualbino asipangiwe kazi ya juani.

Wajumbe wa matawi, yaingizeni haya katika mapatano yajayo na waajiri. Na wewe mwanachama unayesoma karatasi hii, jioni ya leo vua viatu, tazama nyayo zako, kisha tazama za mwenzako. Ukiona jambo, usinyamaze. Mwambie mjumbe wako, naye atakwenda pamoja nawe.

Umoja ni nguvu.