Kihindi ni Lugha ya Nani?



Mwezi uliopita, baada ya sala ya alasiri, alitujia mzee mmoja wa hapa Mabawa, mkononi ameshika daftari lililochanika. Akasema, "Maalim, tazama ayaandikayo binti yangu. Namleta kwako asome Kurani, naye nyumbani ajifunza maandishi ya makafiri." Binti huyo ni mwanafunzi wetu. Amejifunza Kihindi kidogo kidogo kwa kutazama michezo ya Bara Hindi, na aliyelichana daftari ni babake mwenyewe. Twakiri mbele yenu kwamba siku ile hatukutamka neno. Tulitikisa kichwa tu, na yule binti akadhani tumeafikiana na babake. Usiku tuliona haya, kwa kuwa tulihukumu jambo tusilolijua. Basi tukauliza, tukasoma, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza yafaa tujue ya kuwa si kila asemacho Mhindi ni Kihindi. Wafanyabiashara wengi waliohamia Tanga kutoka Bara Hindi, nyumbani mwao walisema Kigujarati na Kikachi, lugha za upande wa magharibi. Sisi tukayaita yote Kihindi. Hata wale askari walioletwa na Waingereza kupigana na Wajerumani hapa Tanga, tarehe 2 hadi 5 Novemba, 1914, hawakuwa watu wa lugha moja. Walikuwamo Warajputi, watu wa Kashmir, na watu wa kusini kabisa.

Kihindi hasa ni lugha ya kaskazini. Kile kifundishwacho shuleni kimejengwa juu ya usemi wa pande za Delhi na Meerut, uitwao Khari Boli. Asili yake ni katika ukoo wa Kisanskriti, kama Kifaransa kilivyotoka katika Kilatini. Lakini jina lenyewe ni la Waajemi, nao walilitoa katika mto Sindhu, ambao kwa ulimi wao uligeuka Hind.

Je, Waislamu wana fungu gani katika lugha hii? Wana fungu kubwa. Amir Khusrau, aliyeishi tangu mwaka 1253 hata 1325, mfuasi wa Sheikh Nizamuddin Auliya wa Delhi, hutajwa miongoni mwa wa mwanzo kutunga mashairi kwa usemi wa watu wa mji ule. Naye Malik Muhammad Jayasi alianza mwaka 1540 kutunga utenzi wake mashuhuri, Padmavat, kwa Kiawadhi, ambacho ni ndugu wa Kihindi. Hao wawili walikuwa Waislamu, wala hawakuona kwamba lugha ya jirani yawatoa katika dini yao.

Mgawanyiko ulikuja baadaye. Usemi ule mmoja uliandikwa kwa herufi mbili. Walioandika kwa herufi za Kiarabu na Kiajemi, kutoka kuume kwenda kushoto, waliuita Kiurdu. Walioandika kwa herufi za Devanagari, kutoka kushoto kwenda kuume, waliuita Kihindi. Mwaka 1837 Waingereza walikiondoa Kiajemi mahakamani, na upande wa kaskazini Kiurdu kikashika mahali pake. Mwaka 1900 serikali ya huko iliruhusu Devanagari nayo itumike mahakamani, na ugomvi wa herufi ukawa ugomvi wa watu. Nchi ilipogawanyika mwaka 1947, Pakistan ilishika Kiurdu. Na tarehe 14 Septemba, 1949, Bunge la Katiba la India lilikubali Kihindi cha Devanagari kiwe lugha rasmi ya serikali. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2011, zaidi ya watu milioni 528 nchini India walihesabiwa kuwa Kihindi, pamoja na lahaja zake, ndiyo lugha yao ya mama.

Sisi Waswahili mambo haya hayatupasi kutushangaza. Babu zetu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, nasi leo twaandika kwa herufi za Kizungu; lugha ni ile ile. Herufi ni kanzu tu, wala kanzu si mtu.

Tena Kihindi kimo vinywani mwetu. Tusemapo gari, cheti, chapa, dobi, laki na chapati, twasema maneno yaliyovuka bahari kutoka Bara Hindi. Pesa nayo ni yao, na Wajerumani walipotengeneza sarafu zao za hapa, rupia moja ilikuwa pesa 64 mpaka walipobadili hesabu mwaka 1904 na kuleta heller, tuliyoiita hela. Nao wenye Kihindi wana maneno ya Kiarabu kama sisi: kitab, duniya, qalam, khabar, waqt, sabun. Mtoto wa chuoni hana haja ya mkalimani kwa hayo.

Kwa wapendao kujaribu, somo dogo ni hili. Katika Kihindi kitendo huja mwisho wa maneno, na mwanamume na mwanamke hawasemi sawasawa. Mvulana husema, "Main kitab parhta hun," yaani mimi nasoma kitabu. Msichana husema, "parhti hun." Na pumzi hugeuza maana: pal ni kitambo kidogo cha wakati, bali phal, kwa kutoa pumzi, ni tunda.

Ama kuhusu dini, Mwenyezi Mungu ametubainishia katika Surat Ar-Rum, aya ya 22, kwamba kutofautiana kwa ndimi zetu na rangi zetu ni katika ishara Zake. Na imepokewa katika hadithi kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwamrisha Zaid bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi, naye akajifunza kwa muda mfupi. Basi lugha haina dhambi. Lenye kuchunguzwa ni lile lisemwalo kwa lugha hiyo. Ikiwa mchezo una mambo yasiyofaa, mzazi na aukataze mchezo, na sababu aieleze. Lakini asiichome lugha kwa kosa la mchezo. Na mwenye kujifunza asiache hizbu yake ikalala kwa ajili ya kutazama.

Tulikwenda kwa yule mzee Ijumaa iliyofuata, tukakaa barazani, tukaviunga vipande vya lile daftari na kumwomba bintiye atusomee. Alisoma: kitab, qalam, duniya, waqt. Mzee akanyamaza kitambo, kisha akauliza, "Hayo si maneno yetu?" Tukamwambia, "Ni yetu, na ni yao pia." Hakusema zaidi. Lakini sisi tulimwomba binti radhi mbele ya babake kwa kunyamaza kwetu siku ile, kwani mwalimu akinyamaza asipojua, mtoto huhesabu kimya hicho kuwa fatwa.

Nanyi wazazi wenzetu, kabla hamjachana daftari, ombeni kwanza msomewe.

Wassalaam.